Kuhama Nchi na Mbwa: Hatua, Muda na Nyaraka Zinazohitajika

Familia inapopata kibali cha kuishi ng'ambo, iwe kwa ajira, masomo, ndoa au kuungana na ndugu waliotangulia, mambo ya kwanza kushughulikiwa ni pasipoti, viza na nauli. Mbwa wa nyumbani hukumbukwa mwisho, mara nyingi wiki mbili au tatu kabla ya safari, pale mtoto mmoja anapouliza swali ambalo wazazi wamekuwa wakilikwepa: je, na Simba tunakwenda naye? Wakati huo jibu huwa limekwisha kuamuliwa na kalenda. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, mbwa anayetoka Tanzania hawezi kuingia kihalali kabla ya kupita takriban miezi minne tangu hatua ya kwanza ya maandalizi yake, na muda huo haupunguzwi kwa fedha wala kwa kuombwa.

Somo hili linaeleza hatua hizo kwa mpangilio wake, sababu ya kila moja, na mahali ambapo huduma za mifugo za kata na wilaya zinaingia. Linawahusu wanaohama, lakini pia majirani na ndugu ambao huachiwa mbwa mlangoni siku ya safari bila kadi ya chanjo wala maelezo.

Ugonjwa unaofungwa mlangoni

Sababu ya masharti haya ni moja: kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na zaidi ya asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa karibu hana nafasi ya kupona. Tanzania bado ina ugonjwa huu, na nchi zilizofaulu kuutokomeza huichukulia kila safari ya mbwa kutoka kwetu kuwa ni mlango unaoweza kuurudisha.

Hofu hiyo si ya kubuni. Uingereza ilikuwa imeutokomeza ugonjwa huo mwanzoni mwa karne ya 20, lakini ukarudi mwaka 1918, na mbwa waliorejeshwa kinyemela na askari kutoka Vita Kuu ya Kwanza ndio wanaotajwa kuwa chanzo. Ilichukua hadi mwaka 1922 kuumaliza tena. Kwa miongo mingi baada ya hapo, kila mbwa aliyeingia nchini humo alikaa karantini miezi sita. Hata karantini hiyo haikuwa kinga kamili: mwaka 1969, katika mji wa Camberley, mbwa aliyetoka Ujerumani alimaliza miezi yake sita, akarudi kwa mwenyewe, na siku chache baadaye akaonyesha dalili za kichaa. Ni mwaka 2000 tu ndipo utaratibu wa utambulisho, chanjo na kipimo cha damu ulipoanza kuchukua nafasi ya karantini.

Mfano wa karibu zaidi upo hapa nyumbani. Katika kisiwa cha Pemba, kampeni za chanjo ya mbwa zilifanikiwa kuuondoa ugonjwa huo mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Watafiti waliofuatilia wagonjwa na kuchunguza vinasaba vya virusi walibaini kwamba ulikuwa umeletwa kutoka nje ya kisiwa, kwa mbwa waliovushwa na watu. Pemba ililazimika kuchanja upya hadi ugonjwa ulipokoma tena mwaka 2018. Mbwa mmoja katika jahazi anaweza kufuta kazi ya miaka minne.

Mwaka 2021 Marekani nayo ilipata funzo lake. Mbwa mmoja miongoni mwa kundi lililotoka Azerbaijan aliingia nchini humo akiwa na karatasi za chanjo, na baadaye akathibitika kuwa na kichaa cha mbwa. Karatasi zilikuwapo, kinga haikuwapo. Julai mwaka huo Marekani ilisimamisha kwa muda uingizaji wa mbwa kutoka nchi zaidi ya 100 zenye hatari kubwa ya ugonjwa huo. Ndiyo maana leo mkaguzi wa ng'ambo hatosheki na kadi pekee. Anataka kujua mambo mawili: kwamba mbwa aliye mbele yake ndiye yule aliyeandikwa kwenye kadi, na kwamba sindano aliyochomwa ilifanya kazi mwilini mwake.

Namba kwanza, sindano baadaye

Hatua ya kwanza ni utambulisho. Mbwa huwekewa chini ya ngozi, kwa kawaida kati ya mabega, chipu ndogo iliyo sawa na punje ya mchele. Chipu hiyo hubeba namba ya tarakimu 15, nayo husomwa kwa kifaa maalumu kinachopitishwa juu ya ngozi. Haina betri, haionyeshi mahali alipo mbwa, wala haihifadhi jina la mwenyewe. Ni namba tu, na kazi yake ni kumuunganisha mbwa na nyaraka zake. Chipu inayokubalika ni ile inayofuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, hivyo anayenunua huduma hii aulize habari hiyo kabla ya sindano kuingia.

Hatua ya pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, nayo lazima itolewe baada ya chipu kuwekwa na kusomwa. Inaweza kuwa siku ileile, lakini si kabla. Hapa ndipo familia nyingi zinapoteleza, tena zile zenye bidii. Mbwa amechanjwa kila mwaka katika kampeni ya kata, mwenyewe ametunza kadi zote katika bahasha, na anapoamua kuhama humpeleka mbwa kuwekewa chipu akidhani hiyo ndiyo karatasi pekee iliyokuwa imepungua. Kwa mkaguzi wa Ulaya au Marekani, chanjo zote zilizotangulia chipu ni kana kwamba hazikufanyika, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba alichanjwa mbwa huyo na si mwingine. Itabidi achanjwe tena, na siku zianze kuhesabiwa upya.

Hilo halina maana kwamba chanjo ya kampeni haina thamani. Ndiyo inayowalinda watoto wa kata wanaopita njiani kwenda shule, na utafiti uliofanyika kwa miaka mingi katika nchi zenye ugonjwa huu umeonyesha kwamba kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa wa eneo hutosha kuukatiza. Lakini kadi ya kampeni ni ya kata. Uwanja wa ndege wa ng'ambo unadai kadi yenye namba ya chipu, tarehe, jina la chanjo na mtengenezaji wake, namba ya toleo, muda wa kinga, pamoja na jina, saini na muhuri wa daktari wa mifugo.

Mbwa mchanga hachanjwi kwa ajili ya safari kabla ya kutimiza wiki 12. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa mbwa hawezi kuingia Ulaya kutoka Tanzania kabla hajakaribia miezi saba, na yeyote anayeahidiwa na muuzaji kwamba atasafiri naye akiwa na miezi mitatu anapaswa kusita.

Damu na miezi mitatu

Hatua ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Baada ya siku zisizopungua 30 tangu chanjo, daktari wa mifugo humtoa mbwa damu, na sampuli hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na nchi au jumuiya mbwa anakokwenda. Kinachopimwa ni kingamwili, yaani askari ambao mwili umewaandaa dhidi ya virusi baada ya chanjo. Kiwango kinachokubalika ni angalau uniti 0.5 za kimataifa katika kila mililita. Maabara zenye idhini ni chache barani Afrika. Ya Onderstepoort, nje kidogo ya Pretoria nchini Afrika Kusini, ni mojawapo ya zinazofahamika. Sampuli ambayo haikutunzwa katika baridi inayofaa huharibika njiani, na mbwa hutolewa damu mara ya pili.

Mbwa anayekosa kiwango hicho hahukumiwi. Huchanjwa tena, husubiriwa, hupimwa upya. Mara nyingine mwili huhitaji chanjo ya pili ili kinga ipande, na mara nyingine chanjo yenyewe iliharibika kabla ya kutumika. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Iliyosafirishwa juani katika mfuko wa plastiki huenda imebaki kuwa maji tu. Ni halali kabisa kwa mwenye mbwa kumwomba mtoa huduma amwonyeshe jokofu au sanduku la baridi, na hakuna sababu ya kuona haya kuuliza.

Jibu likiwa zuri, bado safari haijafunguka. Umoja wa Ulaya unataka ipite miezi mitatu kuanzia siku ya kutolewa damu. Wengi huuliza kwa nini, ilhali kinga imethibitishwa. Jibu liko katika tabia ya virusi. Mbwa aliyeng'atwa na mwenzake mgonjwa kabla ya kuchanjwa anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, bila dalili yoyote. Chanjo itapandisha kingamwili, kipimo kitakuwa kizuri, na ugonjwa utakuwa umo safarini kimyakimya kuelekea ubongoni. Miezi mitatu ni ya kumwangalia. Uzuri ni kwamba siku zinahesabiwa tangu damu ilipotolewa, si tangu majibu yalipofika, hivyo kuchelewa kwa maabara hakumrudishi mtu nyuma.

Lipo jambo moja la kufurahisha katika utaratibu huu: kipimo kikishapatikana hudumu maisha yote ya mbwa kwa safari za Ulaya, mradi chanjo za marudio zisipite tarehe. Siku moja ya kuchelewa hukifuta. Vivyo hivyo, Mtanzania anayeishi Ulaya na anayetaka kuja nyumbani na mbwa wake kisha arudi naye, akipima damu hukohuko kabla ya kuondoka na kipimo kikaandikwa katika pasipoti ya mbwa, hatasubiri miezi mitatu wakati wa kurudi.

Hesabu ya familia mbili

Ili jambo hili lieleweke, zichukuliwe familia mbili za mfano, zote zikihamia Uholanzi tarehe 1 Agosti.

Familia ya kwanza inaweka chipu na kuchanja tarehe 3 Februari. Siku 30 zinatimia tarehe 5 Machi. Wanatoa damu tarehe 10 Machi ili wawe na akiba. Miezi mitatu inatimia tarehe 10 Juni. Kuanzia hapo mbwa yuko huru kusafiri, na kati ya Juni na Agosti familia ina muda wa kutafuta kizimba, kumzoeza mbwa kulala ndani yake, na kukata nafasi ya ndege.

Familia ya pili inaanza tarehe 3 Mei. Damu haiwezi kutolewa kabla ya tarehe 2 Juni, na miezi mitatu haitimii kabla ya tarehe 2 Septemba. Tarehe 1 Agosti familia inapanda ndege, mbwa anabaki kwa mjomba. Hapo pana mtego mwingine. Kwa kanuni za Ulaya, mbwa wa nyumbani huhesabiwa kuwa anasafiri na mwenyewe pale tu safari zao zinapopishana kwa siku zisizozidi tano. Akipishana zaidi, huingizwa katika masharti ya biashara ya wanyama, yenye nyaraka nyingine na gharama nyingine. Kwa hiyo mjomba hawezi tu kumpakia Septemba amfuate mwenyewe. Mtu mmoja wa familia itambidi arudi kumchukua, au waingie katika njia ndefu zaidi. Tofauti ya familia hizi mbili haikuwa fedha wala upendo kwa mbwa. Ilikuwa ni Februari na Mei.

Nyaraka ya mwisho, cheti cha afya, haiandaliwi mapema. Hutiwa saini na daktari wa mifugo wa Serikali, na kwa Ulaya lazima mbwa afike katika kituo cha kuingilia ndani ya siku 10 tangu saini hiyo. Anayekipata mwezi mmoja kabla ya safari kwa kujiona ametangulia atakipata tena. Finland, Ireland, Malta na Norway huongeza sharti la dawa ya minyoo aina ya tegu, inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia.

Nchi nyingine, milango mingine

Uingereza bara hufuata mtiririko unaofanana na wa Ulaya kwa mbwa wa Tanzania: chipu, chanjo, damu baada ya siku 30, miezi mitatu, na dawa ya tegu. Tofauti kubwa ni kwamba mbwa anayeingia kwa ndege husafiri kama shehena iliyosajiliwa, katika njia zilizoidhinishwa. Hakai miguuni mwa abiria. Jambo la kuangaliwa sana ni aina ya mbwa. Sheria ya mwaka 1991 inakataza Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, na tangu Februari 2024 kumiliki XL Bully bila cheti cha msamaha ni kosa katika Uingereza na Wales. Ujerumani ina orodha yake ya kukataza, na Denmark imemweka hata Boerboel, mbwa wa Afrika Kusini anayependwa na wengi hapa kwa ulinzi. Kumpima damu mbwa ambaye aina yake haikubaliki huko aendako ni kupoteza fedha.

Marekani ilibadili kanuni zake tarehe 1 Agosti 2024. Kila mbwa anayeingia lazima awe na umri usiopungua miezi sita, awe na chipu, na mwenyewe awe amejaza fomu ya kielektroniki ya CDC, taasisi ya nchi hiyo inayosimamia udhibiti wa magonjwa. Kwa anayetoka nchi zenye hatari kubwa ya ugonjwa, Tanzania na Kenya zikiwamo, inahitajika pia fomu ya chanjo na chipu iliyoidhinishwa na daktari wa mifugo wa Serikali, pamoja na nafasi iliyowekwa mapema katika kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC, ambako mbwa hukaguliwa na kuchanjwa tena anapowasili. Vituo hivyo viko katika viwanja vichache, kwa hiyo tiketi inakatwa kufuata kituo, si kituo kufuata tiketi. Damu hutolewa siku zisizopungua 30 baada ya chanjo ya kwanza na siku zisizopungua 28 kabla ya kuingia. Asiye na kipimo huwekwa karantini siku 28 kwa gharama ya mwenyewe.

Australia ni ngumu kuliko zote hizi. Mbwa haingii moja kwa moja kutoka nchi kama Tanzania. Hupitia kwanza nchi iliyoidhinishwa na kukaa huko, kisha huishia katika karantini ya Serikali huko Mickleham, karibu na Melbourne. Wanaodhani masharti hayo ni ya watu wadogo wakumbuke mwaka 2015, pale mwigizaji maarufu wa filamu Johnny Depp na mkewe wa wakati huo, Amber Heard, walipoingiza mbwa wawili kwa ndege binafsi bila kuwatangaza. Waziri wa Kilimo, Barnaby Joyce, alitoa muda usiofika siku tatu mbwa hao waondoke, la sivyo wangeuawa. Waliondoka. Mwaka uliofuata Heard alikiri mahakamani kosa la kutoa maelezo yasiyo ya kweli katika hati ya kuingilia.

Kizimba, joto na pua fupi

Mashirika ya ndege hufuata kanuni za IATA kuhusu wanyama hai. Mbwa lazima aweze kusimama, kugeuka na kulala kwa kawaida ndani ya kizimba. Kipimo hupatikana kwa hesabu rahisi: urefu wa kizimba ni urefu wa mbwa kutoka puani hadi shina la mkia, ukiongezewa nusu ya kimo cha kiwiko chake kutoka chini, upana ni upana wa mabega mara mbili, kimo ni kutoka chini hadi ncha ya masikio akiwa amesimama, pamoja na unene wa tandiko. Mbwa wa sentimita 70 kutoka pua hadi mkia, mwenye kiwiko cha sentimita 30 na mabega ya sentimita 22, anahitaji kizimba cha urefu wa sentimita 85 na upana wa sentimita 44. Fundi seremala wa kata anaweza kutengeneza kizimba kizuri, lakini shirika la ndege lionyeshwe vipimo na picha kabla, kwa kuwa lina haki ya kukikataa siku ya safari.

Mbwa wa pua fupi, kama Bulldog na Pug, hupumua kwa shida katika joto na msongo. Mashirika mengi huwakataa au hudai kizimba kikubwa zaidi. Hapa mbwa wa kienyeji, anayedharauliwa kwa jina la koko, ana heri yake. Pua yake ni ndefu, mwili wake ni mkavu, anavumilia. Wapo wakazi wanaoamini kwamba nchi za nje hupokea mbwa wa kizungu tu. Si kweli. Mkaguzi husoma namba na damu, haulizi ukoo.

Dawa za usingizi zisitumike. Hushusha shinikizo la damu na kuvuruga pumzi mahali ambapo hakuna mtu wa kumwangalia mnyama. Kinachomtuliza mbwa ni mazoea: kizimba kiwekwe sebuleni au barazani wiki nyingi kabla, alishwe ndani yake, alale humo, pamoja na kipande cha kanga au shuka chenye harufu ya nyumbani.

Ofisi ya kuanzia

Mkazi anayekusudia kuhama aanze kwa afisa mifugo wa kata. Huyu hamalizi safari, lakini humwelekeza mhusika kwa daktari wa mifugo wa wilaya katika Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, ambako atapata kujua ni daktari gani aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania anayeweka chipu na kuandaa sampuli za damu. Kibali cha kumtoa mnyama nchini na cheti cha afya cha kimataifa ni vya mamlaka ya veterinari chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Saini ya daktari binafsi pekee, hata akiwa hodari namna gani, haitoshi.

Siku ya kwenda ofisini mkazi abebe kitambulisho chake, kadi zote za chanjo za mbwa na jina la nchi aendako. Mbwa afungwe kamba na, ikiwezekana, mdomo, kwa kuwa wengine ofisini hawakumzoea. Namba ya chipu ikishapatikana, alinganishe tarakimu zote 15 katika kila karatasi, moja baada ya nyingine, kabla ya kuondoka dirishani. Tarakimu moja iliyokosewa hapa huonekana kuwa ni kosa la kalamu. Kule ng'ambo husomwa kuwa ni mbwa mwingine, na mbwa mwingine huyo hurudishwa alikotoka, huwekwa karantini, au huuawa kwa sindano, vyote kwa gharama ya mwenyewe.

Anayebaki

Si kila mbwa afaa kusafirishwa. Mzee mwenye moyo dhaifu, jike mwenye mimba, au mbwa wa ulinzi aliyezoea uwanja wa nusu eka na anayekwenda kufungiwa ghorofa ya tano wakati wa theluji, huenda akaishi vizuri zaidi kwa jirani anayemjua. Huo nao ni uamuzi wa heshima, ukifanywa mapema. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumtunza, na kumfungulia geti akajitafutie siyo matunzo. Mbwa aliyeachwa hivyo hupoteza chanjo yake ndani ya mwaka, huingia katika makundi ya jalalani, na akimng'ata mtoto, mzazi wa mtoto huyo hana wa kumuuliza. Jeraha lolote la namna hiyo lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na aliyeng'atwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo bila kusubiri kuona kama mbwa ataugua.

Anayemwacha mbwa amkabidhi kwa mtu mzima aliyekubali mwenyewe, mbele ya afisa mifugo wa kata ikiwezekana, pamoja na kadi ya chanjo iliyo hai, jina analoitikia, chakula alichozoea na fedha ya chanjo ijayo. Makabidhiano yafanyike wiki kadhaa kabla ya safari, mbwa alale kwa mwenyeji wake mpya siku mbili tatu na kurudi, ili siku gari la kwenda uwanja wa ndege litakapoondoka asilifukuze barabarani.